Printa Iliyozimwa Mara Nne

Kila Jumamosi Beata alifagia duka la steshenari la mama yake, Adelgunda, pale senta ya Nyaishozi. Siku hiyo mama alikuwa akienda Kihanga.

"Ratiba ya mazishi ya mama yake Uwimbabazi iko kwenye kompyuta," alimwagiza. "Ukiwasha printa, subiri taa ya kijani itulie, ndipo uchape nakala hamsini. Wanazika saa nane."

Uwimbabazi, mwenzake wa darasa la sita, alifika saa tano, miguu imejaa udongo. "Beata, picha ya mama tuliyo nayo ni hiyo moja tu iliyo kwenye ratiba. Baba anataka kila mtu amwone."

"Simama nje! Hata msibani kwenu hamnawi?"

Beata akawasha printa. Ikanguruma, taa ikapepesa. Hakuwa na subira, akaizima, akaiwasha. Ikaanza kunguruma upya. Alipoizima mara ya nne, woga ulimshika.

"Umeiharibu kwa mikono yako ya matope!" alimfokea Uwimbabazi.

"Mimi? Sijaingia hata ndani!"

Beata akampigia simu Mzee Polikarpi, baba yake Uwimbabazi. "Shikamoo mzee. Binti yako ameharibu printa."

Mama alirudi saa tisa, akasikia maneno yaleyale. Akaiwasha printa, akakunja mikono. Dakika tatu zikapita, taa ikatulia, akabonyeza kuchapa, karatasi zikaanza kutoka.

"Ikiamka hujiandaa," alisema. "Inafuta kumbukumbu ya kazi za jana, inaulizia kila kifaa: karatasi zipo? Wino upo? Roli ya kugandisha wino imepata moto? Ukiizima katikati, inaanza yote upya. Ulizima mara ngapi?"

Beata akalia. "Nne, mama."

Walipofika msibani, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Uwimbabazi alikaa peke yake nyuma ya migomba, miguu imevimba alama za fimbo. Baba yake alikuwa amemchapa mbele ya waombolezaji.

Beata alisema ukweli mbele ya wote, kwamba ni yeye aliyeizima printa. Mzee Polikarpi akainamisha kichwa.

"Mashine hujikagua kabla ya kutoa neno," mama alimwambia Beata. "Wewe ulitoa neno bila kujikagua, na mwenzako akala fimbo siku ya kumzika mama yake. Mungu tutamwomba msamaha jioni. Sasa anza na huyu."

"Nisamehe, Uwimbabazi."

Uwimbabazi alifuta mikono kwenye gauni, pande zote mbili, ndipo akapokea karatasi yenye picha ya mama yake.