Kalamu Iliyosikia Pumzi

"Supu imeiva. Njoo na kijiko."

Ujumbe uliingia Noreen Gillis akiwa bafuni, kichwa kimejaa povu.

Hakumaliza kuoga. Alijifuta, akavaa, akachomeka bastola yake ya Glock kiunoni, akatoka mbio na sabuni sikioni. Supu maana yake mtoa habari ana mzigo. Kijiko maana yake yuko hatarini: njoo mwenyewe, usitume mtu.

Mtoa habari huyo aliitwa Alphée Comeau, mhandisi wa kiwanda kimoja cha Dartmouth kinachotengeneza masikio ya manowari, yale madude ya kusikiliza chini ya bahari ambayo serikali hairuhusu hata picha yake itoke nje. Na yalikuwa yanatoka. Kuna watu kiwandani walikuwa wakimuuzia mnunuzi wa ng'ambo, na walimhitaji Alphée kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuyafungua na kuyafunga bila kuyaharibu. Tangu kiangazi Alphée wa watu alikaa katikati ya wezi hao, anatabasamu, anaandika, na kila alichoandika kilimfikia Noreen, mpelelezi wa serikali.

Noreen aliteremka mtaa wa George kwa kasi. Ukungu ulikuwa umeimeza bandari yote ya Halifax. Simu sikioni. Upande wa pili Gurleen Sohal, mchambuzi wa sauti, aliyeketi zake makao makuu, Ottawa, kwenye joto.

"Noreen, unaelekea kwenye kivuko?"

Noreen alijibu.

"Noreen? Upo?"

"Nimesema ndiyo, Gurleen."

"Hukusema kitu, shoga. Umehema. Mashine yangu imeandika 'kimya'."

"Basi mashine yako haijatembea."

Huku kwetu Nova Scotia, hasa sisi wa Cape Breton, ndiyo haitolewi. Inavutwa. Pumzi inaingia ndani, fupi, kama ya mtu aliyekanyaga maji baridi, na neno limo humo humo. Bibi zetu walikubali posa kwa pumzi hiyo. Ukienda nayo Ottawa wanakuuliza kama una pumu. Ottawa ni mji wa watu wanaoandika kila kitu na hawasikii chochote, na hilo nalisema bila kuomba radhi.

Alirukia kivuko lango likifungwa.

Alphée alikuwa dirishani, boksi la donati mapajani, vikombe viwili vya kahawa pembeni.

"Kaa upande huu, dada. Lile sikio lingine lilikwisha kufa."

Sikio la kulia lilimfia kiwandani. Ndiyo maana alitembea na kalamu janja, nene, nyeusi, aina ya Orrin, yenye jicho dogo kwenye ncha na kinasa sauti tumboni. Unaandikia kwenye daftari lake maalumu lenye vinukta, nayo inasikiliza. Baadaye ukigusa neno lolote ulilolichora, inakurudishia yaliyosemwa wakati ule ule ulipokuwa ukilichora. Kiwandani walimcheka. "Kiziwi na fimbo yake," walisema, na kila mkutano walimwacha aandike. Wajinga ndio waliwao.

"Jana wamekutana," Alphée alisema. "Bosi wangu, mnunuzi, na mtu wa tatu kwenye spika ya simu. Noreen, huyo wa tatu ni wenu."

"Wetu wa wapi?"

"Wa idara yako, bosi mwenyewe kasema. Hapa hapa. Mnunuzi alimuuliza jambo, nami nikatega sikio langu moja. Sikupata neno. Mara mnunuzi akacheka, akasema, 'Safi sana.' Safi nini? Nikachora alama ya kuuliza. Iguse pale." Alisukuma boksi la donati magotini mwa Noreen. Chini ya donati kulikuwa na daftari na kalamu.

"Na wanakujua?"

"Nadhani wameanza. Yule mwenye jaketi la kahawia amepanda nami."

Jaketi la kahawia lilikuwa linakuja. Mkono mfukoni. Macho kwenye boksi.

Noreen hakungoja mkono utoke.

Kahawa ya krimu mbili sukari mbili, ya moto, iliingia usoni mwa yule bwana. Akapiga ukelele. Noreen alimpinda kiwiko, kisu kikaanguka sakafuni, pingu zikalia kwenye bomba la kiti. Abiria wote waligeuza shingo. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu alimtazama Noreen juu mpaka chini.

"Binti, wewe mtoto wa nani?"

"Wa Roddie Gillis, wa Inverness."

"Aa," bibi alisema, akarudi kwenye ufumaji wake. "Basi sawa."

Noreen alipiga simu moja tu. Kwa Lauchie MacEachern, mkuu wa kituo cha Halifax. Mzee Lauchie alikuwa mtu wa Inverness pia. Machimbo ya makaa yalipomuua Roddie Gillis, Lauchie alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na Noreen alipokua ndiye aliyemwingiza idarani. Swali la usaili lilikuwa hilo hilo la bibi wa kivukoni.

"Mzee, mpishi wangu ameungua. Nahitaji pa kumweka."

"Mlete Dartmouth, mwanangu. Nakuja mwenyewe."

Alikuja kweli. Lori dogo la Ford lilisimama mbele ya kituo cha kivuko, heita inaunguruma, Mzee Lauchie ameshika usukani na glavu zake za kufumwa. Angempeleka Alphée kwenye nyumba ya ufukweni, Lawrencetown. Noreen abaki, amkabidhi mtu wa jaketi kwa polisi.

Alphée alishika mlango wa gari, hakuingia. Akamnong'oneza Noreen, "Huyu mzee ni wa kuaminika?"

Noreen alivuta ndiyo yake.

"Sikusikia, dada."

"Ndiyo," Noreen alisema, safari hii kwa sauti. "Kama baba yangu."

Alphée akaingia. Gari likaondoka.

Polisi walimchukua mtu wa jaketi. Noreen akaketi kwenye benchi la kituo, akafungua daftari, akaunganisha kalamu na simu ili Gurleen asikie. Mwandiko wa Alphée ulikuwa umelala upande, neno hapa, neno pale.

Aligusa neno "kambakoche".

Sauti ya mnunuzi ilitoka, nyororo, ya mtu aliyeshiba. "Vyote vinakaa chini ya kambakoche waliogandishwa. Kontena la buluu, gati la kusini. Meli inang'oa nanga kesho saa nane mchana."

Kesho yake ndiyo leo.

Aligusa alama ya kuuliza.

"Una hakika hakuna mkaguzi atakayelifungua?"

Kisha hakuna kitu. Kisha kicheko. "Safi sana."

"Kimya," Gurleen alisema. "Mashine inaandika kimya. Nimeisafisha mara mbili. Kuna mtu anahema tu."

Noreen aligusa tena. Akagusa tena.

Haikuwa kuhema tu. Zilikuwa pumzi mbili fupi, zimevutwa ndani, na ya pili ilikuwa na mluzi mwembamba mwishoni. Mluzi wa pengo. Jino lililong'olewa na kigongo cha mpira wa barafu kabla Noreen hajazaliwa, na mwenyewe alikataa kuweka la bandia kwa sababu alisema linamharibia chai.

"Gurleen. Siyo kimya."

"Ni nini?"

"Ni ndiyo. Na naijua ni ya nani. Nimeisikia maisha yangu yote."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa ulifungiwa vifungo na yeye.

Na Alphée alikuwa ndani ya gari lake.

Aliwapigia polisi wa bandari akiwa anakimbia. "Kontena la buluu, gati la kusini, kambakoche. Lifungueni."

"Lina kibali cha Bwana MacEachern, halikagu..."

"Lifungueni nasema! Kibali hicho kafungieni samaki!"

Gari la Noreen lilikuwa ng'ambo, Halifax. Mbele yake kijana wa polisi alikuwa anakula donati ya Alphée pembeni ya gari la doria. Noreen alimpokonya funguo.

"Dada, hilo gari la serikali!"

"Na mimi je?"

King'ora. Barabara ya pwani, ukungu, kona juu ya kona. Alimpigia Alphée. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. "Pokea, Alphée. Pokea, ndugu yangu." Redio ikakoroma badala yake.

"Gillis, bandari hapa. Tumelifungua. Chini ya kambakoche kuna masikio ya manowari, yote yamefungwa vizuri ajabu."

Vizuri ajabu. Ilikuwa kazi ya mikono ya Alphée. Noreen aliizima redio.

Mzee Lauchie alikuwa kibarazani mwa nyumba ya Lawrencetown, birika mezani, vikombe viwili, biskuti za shayiri kwenye sahani. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Glavu za kufumwa zilikuwa zimeanikwa kwenye reli, zinachuruzika maji.

Noreen alisimama mbele yake. Alifungua daftari la vinukta, akashika kalamu.

"Alphée yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Chai bado ya moto."

"Yuko wapi, Mzee Lauchie?"

"Aliteleza kwenye mawe. Bahari ya huku unaijua, haina huruma na mtu."

Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Alikuwa hai ulipomwacha majini?"

Mzee alitazama mawimbi. Hakuwa na nia ya kujibu, hilo Noreen aliliona. Lakini swali lilikuwa limeulizwa kwa lafudhi ya Inverness, na mtoto wa Roddie, na mdomo wake ukamtangulia. Pumzi mbili fupi. Ya pili na mluzi.

Noreen alichora alama ya kuuliza.

"Sema kwa sauti."

"Nimeshasema. Na umenisikia."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Lauchie alicheka bila furaha. "Maisha yangu yote nimewatumikia wale wa Ottawa. Mwakani wanakifunga kituo changu. Unajua wananipa nini? Saa ya ukutani. Saa, Noreen! Ili nihesabu nini?"

"Na Alphée wewe umempa nini?"

Noreen alitoa pingu.

"Utanifunga mimi? Nililibeba jeneza la baba yako."

"Ulilibeba. Leta mikono."

Alimfunga kwenye reli, karibu na glavu zake, akashuka kwenye mawe. Maji yalimfika kiunoni, baridi ya kukata maini. Alphée alikuwa amekwama kati ya miamba miwili. Noreen alimvuta hadi kwenye kokoto, akambonyeza kifua, akampulizia, akambonyeza, akamtukana, akambembeleza. Maji yalikwisha kumwagika, hayazoleki tena. Sikio lake la kushoto, lile zima, lilikuwa limejaa mchanga. Noreen alilisafisha kwa kidole, taratibu, akalia kwa sauti kama mtoto, maana nani angemsikia.

"Nilimwambia ndiyo," alisema. "Alishindwa kunisikia, nikairudia."

Aliwapigia polisi, akaeleza yote, waje na machela; simu nyingine ikampata hapo hapo, mgongo kwenye mwamba, meno yanagongana. Alikuwa mkurugenzi, Bwana Whitcombe, kutoka Ottawa.

"Gillis! Kazi safi kabisa. Mzigo tumeupata, mnunuzi kakamatwa uwanja wa ndege. Waziri amefurahi sana."

"Comeau amekufa, bosi."

"Nimearifiwa. Inasikitisha. Sasa nisikilize vizuri. MacEachern anastaafu, kwa sababu za afya. Hakuna kesi. Idara haiwezi kuvuliwa nguo hadharani, unaelewa. Comeau aliteleza. Raia wa kawaida, ufukweni, mawe yana utelezi. Sisi hatukumfahamu."

"Ana mke."

"Atapata rambirambi za kiwanda. Na ile kalamu, Gillis. Mashine ilikwisha kuandika kimya, na kimya ndicho kitakachobaki. Itupe baharini. Tumeelewana?"

Baridi ilimbana Noreen kifuani. Hewa ilimwingia kwa ghafla, fupi, ikakwama.

Whitcombe akacheka, ameridhika na nafsi yake.

"Ahaa! Hiyo ndiyo ile ndiyo yenu, siyo? Sohal amenieleza habari zake leo. Naanza kuwaelewa ninyi watu! Basi tumeelewana. Kapumzike, binti."

Akakata.

Haikuwa ndiyo. Ilikuwa pumzi tu, ya mtu anayetetemeka kwa baridi.

Polisi walikuwa wanateremka na machela. Noreen aliwaonyesha Alphée alipo, akawaonyesha na mzee kwenye reli. Lauchie alimwita kwa jina. Hakugeuka. Aliikaza Glock kiunoni, akaitia kalamu mfuko wa ndani pamoja na daftari lililolowa pembeni, akawasha gari la watu.

Odile Comeau, mke wa Alphée, aliishi Dartmouth, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Alikuwa mtu wa pwani hii hii, mzaliwa wa huku huku. Yeye angegusa alama mbili za kuuliza, na hakuna mashine ambayo ingehitajika kumtafsiria.

Noreen alipaki, akapangusa uso kwa kiganja, akapiga hodi.