Uzi Usiopenda Kukunjwa

Mama Pindo hakuweza kuona uzi unaning'inia akauacha. Hata akiongea na mgeni, macho yake yalikuwa kwenye mikono ya shati la mgeni. Akiona uzi, alitoa mkasi mfukoni, kap, kisha akaendelea na mazungumzo. Ndiyo maana mtaani walimwita Mama Pindo.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Nyuma yake kulikuwa na kabati la chuma la vitambaa. Mlangoni alikaa mumewe, Babu, kinyozi mstaafu. Kazi yake Babu siku hizi ilikuwa kunywa chai na kutoa maoni.

"Mke wangu, iko siku utanipiga pindo na mimi," Babu alisema.

"Kaa sawa basi. Umepinda kweli."

Waliishi na mjukuu wao. Walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Kidoti hasikii tangu kuzaliwa. Anasema kwa mikono, na nyumba nzima ilijifunza lugha yake. Shule ya watoto viziwi ilikuwa jirani, ndiyo maana alikaa kwa bibi na babu. Baba yake aliendesha tingatinga. Alikuwa mbali sana, akijenga barabara.

Kila Jumamosi mchana baba alipiga simu ya video. Kidoti alipanda kitandani, chumba cha nyuma. Aliegemeza simu kwenye mto, na mikono yake ikaanza kuruka. Kwanza kilikuja kitendawili. Baba alikunja ngumi, maana yake, kitendawili. Kidoti alifungua viganja viwili, maana yake, tega.

Siku moja nyumba ikaunganishwa na mtandao wa kebo. Fundi aliyekuja ni mwanamke mrefu. Watu walimwita Ngazi, kwa sababu hakuonekana bila ngazi begani. Alivuta kebo nyembamba kutoka kwenye nguzo mpaka chumba cha mbele. Akaweka kisanduku cheupe chenye taa juu ya rafu. Kebo iliyobaki aliizungusha mviringo mkubwa kama sahani, akaitundika ukutani.

Jumamosi ile picha ya baba ilikuwa safi kabisa. Kidoti alihesabu hata vifungo vya shati lake.

Lakini Mama Pindo aliutazama ule mviringo wa kebo. Akautazama tena.

"Fundi gani huyu? Ameacha kazi inaning'inia."

Akachukua kigurudumu kitupu cha uzi. Akaizungushia kebo juu yake, akaikaza, akaifunga fundo. Kisha akaona kisanduku kinapata vumbi. Akakitia ndani ya kabati la chuma, akakifunika kitambaa cha kufuma, akafunga mlango. Akapangusa mikono. Chumba kikapendeza.

Jumamosi iliyofuata baba alikunja ngumi. Kidoti akafungua viganja. Mikono ya baba ikaanza kusema, mara ikaganda hewani. Iliporudi, kitendawili kilikuwa kimekwisha. Kidoti akaomba arudie. Baba akarudia, akaganda tena.

Mtu anayesikia, picha ikiganda, huenda bado atapata sauti. Kwa Kidoti, picha ndiyo sauti.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Babu alisema ni mawingu. Mawingu yakaondoka, baba akaendelea kuganda. Mwishowe, siku moja simu iliita na Kidoti hakuinuka. Alibaki sakafuni akipanga vifungo vya bibi.

"Huendi kuzungumza na baba?" Mama Pindo alimwuliza kwa mikono.

"Baba amechoka na mikono yangu," Kidoti alijibu. "Namwuliza, ananinyamazia."

Mama Pindo akaacha cherehani. Ilikuwa kama sindano imeingia kidoleni.

"Mtandao huu unamtenga mtoto na baba yake," alimwambia mumewe. "Nitawaambia waje wautoe."

"Mwite kwanza aliyeuweka," Babu alisema. "Mimi mteja nikimnyoa vibaya, alirudi kwangu kwanza. Kunitangaza mtaani kulikuja baadaye."

Ngazi alifika Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kitu chako kinavyotutesa."

Ngazi akatazama rafu. Ilikuwa tupu.

"Kisanduku kiko wapi?"

"Nimekihifadhi."

Kabati likafunguliwa, kitambaa kikaondolewa. Taa nyekundu ilikuwa inawakawaka. Ngazi akaifuata kebo kwa vidole mpaka kwenye kigurudumu cha uzi. Hakucheka, ila midomo ilitaka.

"Mama, umefunga vizuri kweli. Ila hii si waya wa shaba. Ndani yake kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Picha ya baba yake inapita humo kama mwanga."

"Mwanga? Kama wa tochi?"

"Huu hauonekani kwa macho. Unawaka na kuzimika haraka mno. Kule kuwaka na kuzimika ndiyo lugha yake."

Mama Pindo akamtazama mjukuu wake. "Kumbe nao unasema kwa ishara."

"Ndiyo hivyo. Sasa, kioo hiki kinakubali kupinda polepole. Mwanga unagonga ukuta wake na kurudi ndani, unagonga na kurudi, mpaka ufike. Ukikikunja kwa nguvu, kona inakuwa kali na mwanga unatoka nje. Unaofika mwisho ni mabaki."

"Kwa hiyo nimeumwaga mwanga wa watu."

"Wewe umeumwaga, mimi sikukueleza. Ule mviringo mkubwa niliuacha makusudi."

Ngazi akaikunjua kebo taratibu, akachomoa ncha yake ili aisafishe. Kidoti akainama kuchungulia. Haraka Ngazi akaweka kiganja katikati.

"Hapa hatuchungulii. Mwanga huu huuoni, lakini unaweza kuumiza jicho."

Mama Pindo akamtafsiria Kidoti kwa mikono, mara mbili.

Ngazi akarudisha ncha mahali pake, akakiweka kisanduku juu ya rafu. Taa ikawa kijani. Akatundika mviringo ukutani, akageuka kukusanya vyombo vyake. Kidoti alikimbilia kitandani kujaribu simu. Akarudi akitikisa kichwa. Picha bado ilikuwa inaganda.

Ngazi akageuka kutazama rafu. Tupu tena.

"Mwizi amekwisharudi," Babu alisema, huku akinywa chai yake.

Mama Pindo akafungua kabati kwa aibu. "Mkono umezoea, mwanangu."

Ngazi safari hii alicheka. "Mama, safari ya picha ina vipande viwili. Mpaka kwenye kisanduku, inakuja kwa mwanga ndani ya kioo. Kutoka hapo mpaka kwenye simu hakuna waya. Kisanduku kinageuza habari za mwanga kuwa mawimbi ya redio, nayo yanapita hewani. Uzi unabeba mzigo mkubwa mpaka mbali, lakini hauwezi kumfuata mtoto kitandani. Mawimbi yanamfuata, lakini yanachoka upesi. Ndiyo maana tunaviunganisha."

"Na kabati langu?"

"Chuma kinayazuia mawimbi. Pipa la maji na kuta nene nazo zinayapunguza. Kisanduku kikae juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba."

"Na kule kwa mwanangu, porini, kuna uzi?"

"Simu yake inatuma mawimbi mpaka kwenye mnara. Kutoka mnarani unaanza uzi wa kioo, umelazwa ardhini. Hewani kidogo, kwenye kioo mbali sana, halafu hewani kidogo tena mpaka kwenye mto wa Kidoti."

"Kama mimi na mke wangu," Babu alisema. "Mmoja anafika mbali, mwingine anachoka upesi."

"Na anayechoka tunamjua," Mama Pindo alijibu.

Kisanduku kikarudi juu ya rafu. Mchana simu ikaita. Kidoti alisita. Bibi yake akamketisha kitandani, akafungua skrini. Baba akakunja ngumi. Kidoti, polepole, akafungua viganja.

"Nimelala siku zote," mikono ya baba ilisema. "Wananikanyaga, nami nawafikisha."

Mikono haikuganda hata mara moja. Kidoti akafikiri, kisha akaruka.

"Barabara. Barabara yako, baba."

Baba akacheka, na kicheko chake kilionekana chote, mpaka mwisho. Ndipo Kidoti naye akakunja ngumi.

"Nina uzi hauna sindano. Umemshona baba kwenye mto wangu."

Baba akakuna kichwa. Akajaribu utepe. Akajaribu mkanda wa viatu. Akashindwa.

"Nipe mji," Kidoti alimdai.

"Nakupa mji mkubwa wenye taa nyingi."

Kidoti akaipokea zawadi yake. Kisha akabeba simu mpaka chumba cha mbele, akamwonyesha baba ule mviringo ukutani.

Mama Pindo naye akautazama. Ulining'inia, mpana kama sahani, bila fundo, bila pindo. Mkono wake ukaingia mfukoni kwenye mkasi. Ukakaa humo kidogo.

Ukatoka mtupu, ukarudi kwenye cherehani.