Oveni ya Mama Watoto

Fundi redio, rafiki yetu, hapendi kuulizwa habari hii. Alimnyang'anya mkewe oveni ndogo ya mikate, akaigeuza ya kuyeyushia risasi ya kulehemu kwenye bodi za redio.

"Baba watoto, ukishatia risasi humo, mkate hauliki tena," mkewe alilalama.

"Kwani maduka yamefungwa?"

Mke akaenda kaburini na kinyongo chake, yeye aliyezoea kuubonyeza mkate kwa dole gumba lenye kovu kujua kama umeiva.

Juzi fundi yuko peke yake, risasi inayeyuka, umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Likaingia giza totoro. Akasikia mlango wa oveni ukilia kwiii, ukanyamaza, kisha ukafungwa polepole.

Umeme uliporudi, akaitoa bodi. Kwenye risasi iliyoganda palikuwa na alama ya dole gumba, na kovu lake limekaa palepale.