Hodi Kwenye Kundi la Soko Huria

Jioni ya leo, tumetoka kumzika jirani yetu Emerensiana, nilikwenda kuanua kahawa kwenye vichanja kabla mvua haijanyesha. Mwanangu Asnath nilimwacha ndani na simu yangu aangalie picha.

Hapa Litumbandyosi wakulima wa kahawa tuna makundi mawili ya simu. La zamani analisimamia Mwalimu Urbani, katekista. Lo, mtu yule! Namba ngeni ikitaka kuingia, lazima aiulize kwanza: mtoto wa nani, wa wapi? Ukiandika upuuzi, anaufuta. Tulichoka. Shemeji yangu Osward akafungua lake, akaliita Soko Huria. Halina msimamizi, anayetaka anaingia. Nami nikajitosa, maana umbea naupenda.

Juzi ikaingia namba isiyo na jina wala picha. Ikaandika neno moja.

Hodi.

Kwetu kuacha hodi bila jibu ni kukosa adabu. Mzee Raimundi akaandika karibu. Asubuhi alikutwa kitandani amekufa, godoro linachuruzika maji, chumba kinanuka usipa, wale dagaa wa ziwani. Na ziwa liko mbali, kule chini Lituhi! Hodi ikarudi. Emerensiana akakaribisha. Naye akakutwa vilevile. Watu walisema ni wachawi wanaogombea mashamba, nami nikaamini hivyo.

Sasa nikiwa kwenye vichanja, Mwalimu Urbani akatokea. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shida.

"Mama Asnath," alinong'ona, "ile hodi umeijibu?"

"Bado, Mwalimu."

Akaniambia namba ile ilibisha hodi kwenye kundi lake mwaka mzima. Kila akiiuliza ukoo, inarudia hodi tu. Akaipeleka Lituhi, watu wa huko wakaitambua: ni ya Nathanieli, mvuvi aliyezama na simu yake mfukoni, hakuonekana tena. Anachotafuta huku milimani hawakukijua.

"Jitoe kwenye kundi lile sasa hivi. Simu iko wapi?"

Nilimwachia Asnath!

Ndani ya nyumba... sauti ya Asnath, ya adabu, kama nilivyomfundisha.

"Karibu."

Nilikimbia, kahawa ikamwagika. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu imelowa kutoka kizingitini hadi mkekani. Harufu ya usipa ikanipokea.

Asnath alikuwa ameketi, mzima. Nilimpapasa kichwani, kifuani... mkavu. Nikalia kwa furaha. Nikajitoa kwenye kundi, nikaizima simu.

"Mama, mbona unalia?" aliniuliza. "Yule baba aliyebisha hodi kwenye simu hajanifanya kitu. Ameuliza tu simu hii ni ya nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ya mama."

Asnath nimempeleka kwa shangazi yake. Mwalimu Urbani yuko sebuleni anasali rozari, sauti imemkauka. Mimi naogopa, jamani, naogopa sana. Nimeapa sitalala.

Nimeligusa godoro langu sasa hivi. Upande wa ukutani umeanza kulowa.