Hukumu ya Pweza Saba-na-Nusu

Haya ninayosimulia ni kweli tupu. Hayana chumvi isipokuwa ile ya bahari, na hiyo ilipimwa kwa kipimo. Nikikutwa nimedanganya hata kidogo, nibebeshwe ndoo za maji kutoka ufukweni mpaka sebuleni, na mgongo wangu huu usiulizwe maoni.

Kila siku akitoka shule, msichana aliyeitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alivua viatu mlangoni, akatupa mkoba kitini, kisha akaenda moja kwa moja kumwamkia pweza wake.

Pweza huyo aliishi sebuleni, ndani ya tangi kubwa la kioo. Tangi lilikuwa kazi ya mama yake Chiriku, fundi vioo. Mteja aliliagiza, halafu akaingia mitini. Likakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga, mpaka siku mjomba, mpiga mbizi, alipomleta pweza mdogo aliyenasa kwenye wavu mkuukuu. Mikono saba ilikuwa mizima. Wa nane ulikuwa umekatika katikati. Akapewa jina palepale: Saba-na-Nusu.

"Mkono wa pweza huota tena," mjomba alisema. "Ukikamilika, namrudisha baharini. Lakini akidhoofika humu ndani, nitamchukua hivyo hivyo alivyo, na huko ataliwa siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Chiriku alijibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Mama alichora safu tatu kwenye daftari: maji, chumvi, chakula. Kila siku ndoo mbili za maji machafu zitoke, mbili safi za baharini ziingie. Kipima chumvi kielee kwenye mstari mwekundu. Pweza apewe kaa mmoja. Kila kazi ikimalizika, Chiriku aweke alama ya vema.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda kama maji mtoni. Halafu, katikati ya mwezi wa pili, Saba-na-Nusu alianza kupauka kama shati lililofuliwa mara nyingi. Alijikunja ndani ya mtungi aliowekewa kama pango, na kaa akatembea mbele yake bila hata kuguswa.

"Kuna mtu anamtilia kitu," Chiriku alisema wakati wa kula, akiwatazama mmoja mmoja.

"Mtu gani?" mama aliuliza.

"Simjui bado. Lakini nitamjua."

Babu yake, mkaguzi wa tiketi wa treni aliyestaafu, aliweka kikombe chini. Alikuwa mzee mwenye sura ya kupendeza na akili nyingi, hilo hakuna anayelibisha.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimekagua mabehewa miaka thelathini. Mwongo usimtazame machoni, macho yamesomea uongo. Mtazame visigino. Asiye na tiketi, visigino vyake havitulii."

Tangu hapo Chiriku hakuwa tena na ndugu. Alikuwa na washukiwa. Mama akipita na kitambaa cha kufutia vioo, Chiriku alikinusa. Asubuhi moja alinyunyiza unga sakafuni kuzunguka tangi. Aliporudi mchana alikuta alama za kandambili iliyolika upande. Nyayo za babu nazo zilikuwepo, ila hizo hakuzihesabu, maana kiti chake kilikuwa papo hapo kando ya tangi. Aliinua kifuniko, akakinusa. Marashi!

Katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyejipulizia marashi mpaka nzi wakahama. Huyo ni kaka yake wa miaka kumi na sita, ambaye hata walimu walimwita Manukato.

"Unafuata nini kwenye tangi?" Chiriku alimkabili mbele ya mama.

"Na-napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Nyuma ya tangi kuna ukuta!"

Manukato alikuwa na kigugumizi, na akiona haya kilizidi. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Mwanangu, sema," mama alimsihi.

Manukato akatikisa kichwa. Mama akanyoosha mkono. "Basi nipe hayo marashi. Na sebuleni usikanyage mpaka tujue mambo haya yanatoka wapi."

Kijana akatoa chupa mfukoni, akaiweka mezani polepole, akatoka. Babu alikohoa kidogo, akatazama dirishani.

Siku tatu Manukato hakukanyaga sebuleni. Siku tatu pweza alizidi kupauka. Jambo hilo lilimkera Chiriku kama kokoto kwenye kiatu. Kama mwenye makosa amefukuzwa, mbona ugonjwa haujafukuzika? Na jambo jingine, alilolijua yeye peke yake, lilimfanya ageuze shingo kila alipopita karibu na daftari.

Ijumaa mjomba akapiga simu. "Nimesikia mgonjwa wenu hali chakula. Kesho mchana nakuja kumchukua."

Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, babu alisimama katikati ya sebule.

"Pweza hasahau uso wa mtu," alitangaza. "Na akimwona mwongo, humrushia maji. Nilimwona mmoja akimlowesha abiria asiye na tiketi, behewa la pili, mbele ya watu."

"Pweza kwenye treni, Baba?" mama aliuliza.

"Alikuwa anasafiri. Mwiteni Manukato, sote tupite mbele ya hakimu."

Mama alitaka kucheka, lakini akaondoa kifuniko. Pengine naye alikuwa amechoka kutomwamini mtu.

Manukato alitangulia. Akaingiza kidole majini. Mkono mmoja mweupe ukachungulia kutoka mtungini, ukanyooka, ukakizunguka kile kidole taratibu. Chiriku alikodoa macho. Yeye mwenyewe hakuwa ameshikwa hivyo kwa siku nyingi.

"Mbona anakupenda hivyo?" aliuliza.

"Na-nafanya mazoezi ya ho-hotuba mbele yake," Manukato alisema, macho chini. "Mashindano ni Jumatatu. Ye-yeye hanicheki."

Mama alitazama chupa ya marashi juu ya rafu, akauma mdomo. Kisha akapita yeye. Pweza hakufanya lolote.

"Haya, Chiriku," babu alisema.

"Mimi ndiye ninayemtunza. Nina haja gani?"

"Sote tunapita."

"Sijanawa mikono."

"Wewe? Tangu lini umejali kunawa?" mama aliuliza, akamtazama miguuni. Visigino vya Chiriku vilikuwa vinacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Machozi yakamtoka. "Sijabadilisha maji! Wiki mbili hizi. Wala chumvi sikupima. Nilimtupia kaa tu, nikakimbilia kucheza mpira. Vema nilikuwa naziweka za wiki nzima kwa siku moja."

Mama alilifungua daftari. "Hata za kesho umeshaweka."

"Si niliwaambia!" babu alishangilia. Akainama juu ya tangi kumpongeza hakimu. "Hongera, mheshimiwa..."

Pwaa! Maji yalimpiga usoni, miwani ikaruka mpaka chini ya meza. Akajipangusa, akainama tena. Pwaa!

"Baba," mama alisema polepole, "sisi tuliopita katuacha, wewe kakulowesha mara mbili. Kwa nini?"

"Ananifananisha na mtu."

"Babu," Chiriku alisema huku akivuta kamasi, "visigino."

Mama hakungoja jibu. Aliichomoa sponji ya pampu inayochuja maji, akaikamua kwenye bakuli. Kukatoka ujiuji wa rangi ya kahawia, ulionukia maziwa na sukari.

"Alikuwa ananikodolea macho nikinywa chai peke yangu," babu alikiri. "Nikampa biskuti. Alipokuwa akiitema, nilimgusa kidogo kwa kijiko ili aendelee. Biskuti moja tu."

Mama aliketi, sponji mkononi.

"Wateja huniita," alisema, "wananiambia, fundi, kioo hiki kina doa, nimefuta mpaka mkono umeuma. Nikifika namkuta mtu kasimama nje anafuta. Doa liko ndani. Chiriku, wiki nzima umefuta nje. Umenusa vitambaa, umemwaga unga, umemfukuza kaka yako. Ungelifungua daftari lako tu, ungeliona doa. Maji yangebadilishwa, biskuti ya babu yako ingeonekana kwenye ndoo siku ya kwanza. Kabla ya kumshuku mwenzio, ingia kwanza ndani. Na mimi pia nilifuta nje." Alinyanyuka, akamrudishia Manukato marashi. "Nisamehe, mwanangu."

"Nisamehe, kaka," Chiriku alisema. "Nilitaka awe mtu mwingine, ili nisiwe mimi."

"Nime-nimekusamehe. Ila shika ndoo."

Walichota maji mpaka mjomba alipofika. Alisikiliza yote, akakuna kichwa, akasema, "Nawapa wiki moja. Chumvi nitapima mwenyewe."

Siku ya tatu rangi ya kahawia ilianza kurudi. Siku ya tano Saba-na-Nusu alimrukia kaa. Jumatatu hiyo Manukato alihutubia. Alikwama mara mbili, akavuta pumzi, akamaliza, akashika nafasi ya pili. Jioni ya kuamkia mashindano Chiriku alikuwa ameisikiliza hotuba yote bila kusema neno, kazi iliyomlemea kuliko ndoo. Mkono ulipokamilika, wote walikwenda ufukweni kumuaga. Pweza aliteleza kati ya mawe, na kabla ya kutoweka alimrushia babu maji.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini nilimpa Chiriku aipitie, anisahihishie herufi. Akarudi na kalamu nyekundu.

"Babu, umeandika 'biskuti moja tu'."

"Ndivyo nilivyosema siku ile."

"Nauliza ulizotoa, siyo ulivyosema. Pakiti ina kumi na mbili. Mama alikuta zimebaki mbili."

"Mbili nilikula mimi."

"Basi nane. Na hapa, 'sura ya kupendeza, hakuna anayelibisha'. Nabisha. Na ile ya pweza kusafiri kwa treni..."

"Inatosha, mjukuu wangu."

"Uliapa mwenyewe, aya ya kwanza kabisa."

Jana mjomba alileta pweza mwingine, ana mikono sita tu. Ndoo ziko mlangoni, na mama yake Chiriku amenifungulia daftari jipya. Naenda ufukweni. Vema nitaiweka nikirudi.