Mwavita wa Pili

Kisanduku cha kuhifadhia video kilikuwa kipya, Hakimu alikitoa kwenye boksi lake asubuhi ile ile, na ndani hakikuwa na hata faili moja. Sasa alipoanza kunakili faili ya Mwavita, kompyuta ikamwambia nini? Ikamwambia faili iitwayo Mwavita tayari imo mle. Je, aweke hii mahali pa ile, au azihifadhi zote mbili?

Hakimu akaguna, mashine nazo zina mambo yake. Akabonyeza zote mbili, maana aliyefiwa hana ujasiri wa kufuta kitu.

Mwavita alikuwa mke wake. Alifariki akimzaa Furaha, na Furaha, miaka sita sasa, alimjua mama yake kwa video tu. Video zote zilikuwa kwenye diski moja, ile iliyokaa majini siku tatu ziwa lilipopanda na kuimeza nyumba yao ya Kalundu. Tangu hapo ilikuwa ikigonga ndani kwa ndani, leo au kesho ingekufa. Ndiyo sababu Hakimu alinunua kisanduku: video zihamie humo, zionekane kwenye simu zote za nyumbani na kwenye televisheni, mtoto amwone mama yake saa yoyote apendayo.

Kazi ilipokwisha alifungua ile faili ya pili. Giza. Maji yakidondoka. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole kabisa:

"Hodi?"

"Karibu, ingia tu!" akaitika Bibi Mwamini kutoka jikoni. Mama huyu wa Hakimu hakuwahi kuiacha hodi ining'inie mlangoni. Huitika kwanza, kuuliza ni nani huja baadaye, na wauza sabuni wa mtaa mzima wameshakunywa chai yake kwa tabia hiyo.

"Aksanti, mama," ikasema sauti, na video ikaisha.

Bibi akatokea akifuta unga mikononi. "Nani ameingia?"

"Hakuna muntu, mama. Iko video tu."

"Video?" Bibi alikuwa anatazama sakafu. "Na haya maji iko ya nani?"

Nyayo mbichi zilitoka mlangoni zikaja hadi mbele ya televisheni, zikakoma hapo. Sebule ikaanza kunuka tope la ziwa.

Mchana Furaha aliwasha televisheni aangalie video ya harusi ya wazazi wake. Nyuma ya bibi harusi alisimama mwanamke mwenye nywele zinazotiririka maji, amewapa mgongo. Hakimu akafungua video nyingine, mwanamke amesogea. Akafungua ya tatu, amekaa kwenye kiti cha Mwavita, na watu wa harusi wanacheka naye. Akakimbilia diski ya zamani, yumo. Akashika simu yake, yumo, tena safari hii amegeuka, na Hakimu, aliyekuwa hajaogopa kitu tangu siku ya maji, akaitupa simu kitandani na kutoka mbio, huku harufu ya tope ikimfuata chumba hadi chumba.

"Papa," Furaha alinong'ona, "mama ananiita mu simu yako."

Mwalimu Akram wa msikitini, aliyeitwa na Bibi, alifika baada ya swala ya alasiri. Alisoma Kurani, akanyunyiza maji, akasoma tena mpaka kanzu ikalowa jasho. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani alimukaribisha?"

Bibi Mwamini akainua mkono kama mtoto wa shule. "Minye, mwalimu. Sikujua."

"Basi huyu haiko mwizi, iko mugeni. Siwezi kumufukuza muntu mwenye aliambiwa karibu. Muvunje fasi yenye anakaa. Kisanduku, disque, masimu, yote."

"Na Mwavita?" Hakimu aliuliza.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Njo mule mule huyu mugeni anakaa, mwanangu, mu video zake."

Hakimu alilia mbele yao bila aibu. Kisha akachukua nyundo. Alipofikia diski alitaka kumwona mkewe mara moja tu, ya mwisho, lakini Bibi akamshika mkono. Vipande walivichoma uani. Harufu ikakatika, sakafu ikakauka, na Bibi akasonga bugali akimshukuru Mungu kwa sauti.

Walipomaliza kula, Furaha alipanda mapajani mwa baba yake.

"Papa, nitamusahau mama. Uniambie alikuwa aje."

Hakimu akafumba macho amtafute Mwavita, mke aliyelala ubavuni mwake miaka minne.

"Alikuwa na nywele ndefu," akaanza, "zenye maji, zinafunika uso. Meno yake madogo, mengi sana. Macho hayafunge..."

Akausikia mdomo wake mwenyewe. Alitaka kunyamaza, atafute uso mwingine. Akautafuta harusini, akautafuta hospitalini, akautafuta kwenye asubuhi zote walizoamka pamoja, na kote akamkuta yule yule, amemgeukia. Mwavita hakuwapo tena popote.

Furaha akatabasamu, akaegemea kifua cha baba yake.

"Eee, njo huyo mama," alisema. "Aliniambia utamukumbuka muzuri."