Umaima Atafuta Kibali

Kila asubuhi Umaima alikaanga mahamri mbele ya nyumba yao, mtaa wa Section 58, Nakuru. Wateja walipenda mahamri yake, na walipenda kumsikia akiongea Kiswahili chake cha Tanga. Alikuwa ameolewa na Nasir miaka tisa sasa, na walikuwa na watoto wawili, mkubwa akiitwa Sufyan. Baba yake Nasir, Mzee Darweshi, askari jela mstaafu, aliishi nao.

Lakini Umaima hakuwa na karatasi. Aliingia Kenya kwa njia ya panya, bila pasipoti. Kila gari la polisi lilipopita, aliacha karai motoni akakimbilia ndani.

Siku moja dada yake alipiga simu kutoka Tanga.

"Mama ameanguka. Amevunjika nyonga. Kutwa anakuulizia wewe."

Umaima alilia. Angeendaje? Na akienda, angerudije kwa wanawe?

Jioni Nasir alikuja na jibu.

"Kuna jamaa anaitwa Jamleck. Atakutolea kitambulisho cha Kenya. Wewe sema tu ulizaliwa Kihoto, kule Naivasha, na karatasi zako zikabebwa na mafuriko."

Mzee Darweshi aliweka kikombe chini.

"Nasir, hiyo ni uwongo. Na ataapa juu yake."

"Baba, hajaibia mtu. Anapika, analea watoto. Kosa iko wapi?"

"Kosa iko. Aliingia bila kuuliza. Wengine wanapanga laini, wanangoja miezi. Mimi nimelinda wafungwa miaka thelathini. Leo nifunge macho kwa sababu ni mtu wetu?"

"Kwa hivyo unataka afukuzwe?"

Mzee aliinuka akaingia chumbani kwake. Jambo hilo lilimchoma Umaima. Aliona kwamba baba mkwe wake hamtaki.

Kesho yake Chelangat, jirani yao, alikuja kununua mahamri. Chelangat alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria. Umaima alimvuta kando akamweleza yote.

"Mama Sufyan, usiguse hicho kitambulisho," Chelangat alisema. "Sasa kosa lako ni kuingia na kukaa bila kibali. Ukiapa uwongo, unaongeza lingine kubwa. Hata haki uliyo nayo unaweza kuipoteza."

"Mimi nina haki gani, dada?"

"Si wewe ni mke wa Mkenya? Mlifunga ndoa kwa kadhi?"

"Ndiyo. Cheti ninacho."

"Basi iko njia. Kwanza chukua pasipoti ya kwenu, kwa ubalozi wa Tanzania kule Nairobi. Halafu nenda Uhamiaji mwenyewe, na wakili wetu, useme ukweli. Uombe kibali cha kukaa kama mke. Sisi hatulipishi."

"Wakinikamata?"

Chelangat hakumficha. "Siwezi kukuahidi. Wanaweza kukutoza faini. Wanaweza kukataa. Lakini mtu aliyejileta mwenyewe husikizwa kuliko mtu aliyeshikwa na kitambulisho bandia."

Umaima alifikiri siku mbili. Kisha akamwambia Nasir, "Simtaki Jamleck. Nitasema kweli."

Pasipoti ilipotoka, siku ya kwenda Uhamiaji ilifika. Umaima alifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena. Alipotoka nje, alimkuta Mzee Darweshi langoni, amevaa koti lake la Idi.

"Twende," mzee alisema.

Kule Uhamiaji, wakili wa ofisi ya Chelangat aliweka karatasi mezani. Afisa alizisoma zote, akainua macho.

"Umekaa hapa miaka tisa kinyume cha sheria. Unajua?"

"Najua," Umaima alijibu. "Nimekosa. Ndiyo maana nimekuja."

Afisa akamgeukia mzee. "Na wewe, mzee?"

"Mimi ni baba mkwe wake. Nimemleta kwa sababu sheria lazima ifuatwe. Na nimemleta kwa sababu nataka abaki."

Umaima alimtazama mzee, machozi yakamtoka. Kumbe miaka yote hii alikuwa mtoto wa nyumba ile.

Alitozwa faini, ikalipwa. Alijaza fomu, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole. Alirudi ofisini mara nne. Baada ya miezi mitatu, afisa yule yule alimkabidhi kibali.

"Mamako anakungoja, nawe unangoja nini?" Nasir alisema akicheka. "Funga mizigo!"

Mpakani Lunga Lunga, Umaima alisimama kwenye foleni na wanawe wawili. Askari walikuwa kila upande, na hakukimbia. Muhuri uligongwa.

"Safari njema, mama. Tutakuona ukirudi."

Tanga, mama yake alikuwa amekaa kitandani, mkongojo kando yake. Alimshika uso kwa mikono miwili.

"Umepita wapi, mwanangu? Hukuonekana na askari?"

"Nimeonekana, mama!" Umaima alicheka kwa sauti. "Nimepita mbele ya askari wote, mchana kweupe!"